Kulala hemani na watoto wadogo: kutoka Dodoma hadi vilima vya Kolo na Bereko

Saa tisa usiku mtoto wetu wa kati, wakati ule ana miaka minne, aliamka meno yakigongana. Nilimshika miguu, ilikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi. Alikuwa amefunikwa mablanketi mawili, lakini chini yake kulikuwa na mkeka mtupu, na soksi alizolala nazo ni zile zile alizokimbilia mchana kutwa, zina unyevu wa jasho. Tulimhamishia kwenye gari, mama yake akamkumbatia kifuani, na mpaka kunakucha hakuna mtu mzima aliyepata usingizi. Baridi haikutoka hewani. Ilitoka ardhini na kwenye nguo zenye unyevu, na vyote viwili tungeweza kuviepuka kabla jua halijazama.

Tumeshakwenda mara nne tangu siku ile, na sasa watoto ndio wanaouliza lini tunarudi. Ninayoyaandika hapa ni kwa mzazi wa Dodoma mwenye gari la kawaida, watoto wa chini ya miaka minane, na siku mbili au tatu za likizo.

Chagua mwezi kwanza, mlima baadaye

Kanda ya kati mvua hunyesha kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Likizo ya Juni inaangukia kiangazi: njia kavu, mbu wachache, anga safi. Ubaya wake ni baridi. Dodoma mjini tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 au pungufu. Ukipanda mita 1,000 zaidi, toa nyuzi kama sita. Upepo nao hauhesabiki humo.

Likizo ya Desemba mimi siendi na hema. Mvua za kwanza hushuka kwa kishindo juu ya ardhi iliyokauka miezi saba, na korongo lililokuwa mchanga mtupu mchana linaweza kujaa jioni kwa mvua iliyonyesha mahali ambapo hata wingu lake hukuliona. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliuporomokea mji wa Katesh na vijiji jirani, wakafa zaidi ya watu 80, na hata nyumba hazikuwakinga. Hema ni kitambaa tu.

Mlima upi kwa mtoto

Wengi wakisikia mlima wanafikiria kilele. Hanang ina zaidi ya mita 3,400, na kuupanda ni shughuli ya siku nzima kwa mtu mzima mwenye magoti mazuri. Mtoto wa miaka mitano hana la kufanya huko, na juu ya mita 2,500 kichwa na tumbo huanza kumsumbua mtu asiyezoea, sembuse mtoto asiyejua kueleza anachosikia. Hanang itazameni kutoka Katesh. Inapendeza sana asubuhi kabla mawingu hayajaifunika.

Watoto wadogo wanahitaji vilima vyenye mawe ya kukwea, kivuli, na nyumba ya mtu karibu. Ndiyo maana sisi tunakwenda Kondoa: Kolo, halafu Bereko kwenye misitu ya miombo. Barabara ya Dodoma hadi Babati ni kilomita 251 za lami tupu, kupitia Mayamaya, Mela, Kondoa, Kolo, Bereko na Bonga. Kolo iko mbele kidogo ya mji wa Kondoa, kwa hiyo mtoto hakai garini kutwa nzima. Wenye siku moja tu waende Mpwapwa, vilima vya Kiboriani viko karibu na mji.

Laleni uani kwanza

Hatua hii msiiruke. Wiki moja kabla ya safari, simikeni hema uani kwenu na mlale humo familia nzima, mpaka asubuhi, bila kukimbilia ndani. Usiku huo utajua zipu ipi mbovu, mtoto yupi anaogopa kivuli cha mti kwenye kitambaa, na nani anaamka kwenda chooni saa nane. Sisi tuligundua kwamba hema lililoandikwa la watu wanne linatosha wazazi wawili na mtoto mmoja na nusu. Nunua la watu sita kama mko watano, lenye kitambaa cha pili cha juu, kwa sababu pumzi za watu watano hugeuka maji juu ya kitambaa kimoja na kuwadondokea alfajiri.

Malazi: nusu ya joto iko chini

Godoro la sponji la inchi tatu linatosha. Kama gari halina nafasi, panga hivi kutoka chini: turubai, mkeka, blanketi zito lililokunjwa mara mbili, kisha shuka. Blanketi la kulalia liwe zito kuliko la kujifunika. Watu hufanya kinyume, na sisi tulifanya kinyume.

Kwa kila mtoto beba seti moja ya nguo za kulalia ambayo haiguswi mchana: fulana ya pamba, sweta, suruali nzito, soksi mbili, kofia ya sufu. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki na usiufungue mpaka saa kumi na mbili kasorobo jioni. Saa hiyo, hata kama mchezo umenoga, kila mtoto anavuliwa kila kitu mpaka soksi, anafutwa jasho kwa taulo kavu, anavaa nguo za usiku. Wakilia, walie. Nguo zilizoloa jasho hupoa pamoja na jua, na mtoto hupoteza joto kupitia hizo.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja msimfunike mablanketi mazito, yanaweza kumpanda usoni. Mvalisheni nguo moja juu ya nyingine, alale karibu na mama.

Sanduku la dawa

Letu ni kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu, na linakaa mbele, sio kwenye buti chini ya mizigo. Lina pakiti sita za ORS, unga wa chumvi na sukari kwa anayeharisha (pakiti moja kwa lita moja ya maji safi), zinki, dawa ya homa yenye kipimo kilichoandikwa na mhudumu wa afya kulingana na uzito wa kila mtoto, kipima joto, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, kibano cha kutolea miiba, na dawa ya kufukuza mbu inayofaa umri wao. Chandarua nacho tunakwenda nacho. Zipu ya hema hufunguliwa mara ishirini kila usiku.

Kabla ya kuondoka andika kwenye karatasi jina la kituo cha afya kilicho karibu na kila mahali mtakapolala. Hospitali kubwa ya njia hii iko Kondoa mjini, na mbele yake Babati. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ya zimamoto 114. Mtandao huko vilimani huja na kuondoka, kwa hiyo mwachie ndugu mmoja mjini ratiba yenu na saa mtakayopiga simu.

Gari, na saa ya kuondoka

Kagua upepo wa matairi pamoja na spea, maji ya rejeta, oili, breki, taa. Hakikisha jeki inapanda na spana ya gurudumu inaingia kwenye nati zenu, maana zipo spana zilizorithiwa kutoka gari jingine. Weka mafuta ya kutosha Dodoma na uongeze Kondoa. Mtungi mdogo wa gesi usimame wima, ufungwe kamba, na koki yake ihakikiwe kwa povu la sabuni kabla ya kupakia.

Watoto wakae nyuma, kila mmoja na mkanda wake, mdogo kwenye kiti cha mtoto. Kumpakata mtoto kiti cha mbele ni mazoea yetu sote, na ni mazoea mabaya: gari likifunga breki ghafla mikono ya mama haiwezi kumzuia.

Sisi huondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Watoto wanahamishwa kutoka kitandani wakiwa usingizini, wanaamka karibu na Chemba jua likichomoza upande wa kulia. Safari iliyotuletea usiku ule wa baridi tuliondoka saa nne asubuhi, tukasimama kila mahali, tukafika giza linaingia, tukasimika hema kwa tochi ya simu. Lengo ni kufika saa nane mchana, ili pabaki saa nne za mwanga. Jua la Juni huzama saa kumi na mbili na nusu.

Endesha polepole vijijini. Kibao cha 50 si cha askari wa tochi tu. Mbuzi na ng'ombe wa Kondoa na Chemba huvuka wanapotaka, na wachungaji wengi ni watoto.

Simameni kila baada ya saa moja na nusu, dakika kumi na tano, watoto wakimbie. Kutoka Kolo kwenda Bereko barabara inaanza kupanda kwa kona, na hapo ndipo watoto hutapika. Kabla ya kona hizo wasile vya mafuta, chapati na sambusa zisubiri. Ndizi kidogo au mkate mkavu unatosha. Anayetapika akae katikati atazame mbele, dirisha lifunguliwe kidogo, asishike simu. Wakati wa kushuka tumia gia ndogo, usikanyage breki mfululizo mpaka zinuke.

Asali huuzwa sana kanda hii, na ni nzuri. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka asilambishwe hata kidole, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda.

Kuomba mahali pa kulala

Porini tu hatulali, na sikushauri ulale na watoto. Kuna fisi katika vilima hivi. Laleni ndani ya ua wa nyumba ya wageni, misheni, shule, au karibu na nyumba ya mtu aliyekubali. Pale Kolo anzeni kwenye ofisi ya michoro ya miambani, muulize wapi panaruhusiwa kupiga hema. Kwingineko nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji kabla ya kushusha hata mkeka.

Safari ya pili nilimkuta mwenyekiti mmoja upande wa Bereko ameketi kwenye kigoda akichambua mbaazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmetoka wapi na watoto hivi?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha mahali tulipopapenda, bonde dogo lenye nyasi laini na mti mkubwa.

"Hapo mnapaona pazuri. Hapo ndipo maji yanapopita, na fisi naye hupita hapo hapo. Na mti ule una nyuki. Njooni huku nyuma ya banda, mlale kama watu."

Maneno yale manne, maji, fisi, nyuki, banda, yalikuwa na thamani kuliko ramani yoyote. Tulimpelekea sukari na majani ya chai, na asubuhi mkewe alituletea maziwa. Tuliyachemsha kabla ya kuwapa watoto.

Nyuki wachukulieni kwa uzito. Katika miombo watu hutundika mizinga mitini, na mibuyu yenye mashimo huwa na makundi. Tazameni juu kabla ya kutazama chini. Kama mizinga ipo, sogeeni mbali, msiwashe moto wa moshi chini yake, na watoto wasirushe mawe.

Kusimika hema

Chagua mwinuko mdogo, si bonde, si ukingo wa korongo, si chini ya tawi kavu, si chini ya jiwe kubwa lililokaa juu ya mengine. Pangusa mawe na majani kwa fimbo, usitumie mikono: nge hukaa chini ya mawe, na kifutu hulala kwenye majani makavu bila kukimbia hata ukimkaribia. Mlango uelekee upande usio na upepo. Viatu vya wote viingie ndani ya hema, na asubuhi vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kila kimoja, kila siku.

Akiumwa na nyoka: mtulize, asitembee, vua bangili na viatu, mkono au mguu usitikisike, mpeleke hospitali mara moja. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza.

Choo chimbieni hatua kama 70 kutoka kwenye maji na kambi, shimo la shubiri moja, kisha fukieni. Kwa wadogo bebeni poti. Hakuna mtoto wa miaka mitatu atakayekubali kuchuchumaa gizani.

Halafu kila mtoto apewe filimbi shingoni. Kanuni ni moja na tunairudia kwa wimbo: *ukipotea, simama, kumbatia mti, piga filimbi mara tatu.* Namba yetu ya simu imeandikwa kwa kalamu ya wino ndani ya fulana zao.

Moto na chakula

Juni nyasi zimekauka na cheche moja inatosha kuunguza shamba la mtu. Sisi tunapika kwa gesi, na moto wa kuni tunawasha tu mwenyeji akituridhia, juu ya ardhi iliyofyekwa hatua tatu kila upande, ndoo ya maji pembeni. Kuzunguka jiko nachora duara kwa majivu. Mtoto anayevuka mstari wa majivu anakwenda kukaa garini dakika tano. Tangu safari ya pili hakuna aliyeungua, na kitinda mimba wetu, aliyekuwa bado hajui kusema vizuri, alikuwa akisimama kwenye mstari anaunyooshea kidole akisema "jivu, hapana".

Chakula kiwe cha kawaida ya nyumbani. Maharage na nyama vichemshwe Dodoma kabisa, viwekwe kwenye vyombo vilivyofungwa, na viliwe siku ya kwanza. Siku ya pili ni dagaa wakavu, ugali na mlenda mkavu, ambao Wagogo tangu zamani waliujua kuwa ni mboga ya safari: mwepesi, hauozi, unaiva upesi. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga. Usiku, nusu saa kabla ya kulala, kikombe cha uji wa moto tena, maana mwili wenye chakula hutengeneza joto. Kisha choo, wote, bila kuuliza nani anasikia haja.

Maji tunabeba madumu mawili ya lita 20 kutoka nyumbani. Ya kunywa tukiongeza huko, tunachemsha. Mabwawa na maziwa watoto hawaogelei: kuna kichocho, na Ziwa Babati lina viboko, ambao jioni hutoka kula nchi kavu.

Mabaki ya chakula yafungwe na kuingia kwenye buti. Chakula ndani ya hema hapana, hata biskuti.

Usiku

Ninaomba jambo hili mlishike kuliko yote. Jiko la mkaa lisiingie hemani. Hata likiwa limebaki makaa matatu, hata mlango ukiwa wazi kidogo, hata kwa dakika za kupasha tu. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala haamki kwa kukohoa, anazidi kulala. Mtoto hudhurika kabla ya mtu mzima. Jiko la gesi vilevile halifai ndani. Na mkihamia garini kwa baridi kama sisi, injini izimwe na kioo kiachwe wazi kidogo.

Joto litafuteni hivi: chupa ya maji ya moto, si yanayotokota, ifungwe kabisa, itiwe ndani ya soksi nene na kuwekwa kwenye matandiko nusu saa kabla ya kulala. Mtoto akiingia, chupa inatolewa. Watoto walale katikati, wazazi pembeni. Tundu la hewa la juu libaki wazi hata kama mnaona baridi, la sivyo mtaamka mmelowa.

Fisi akilia mbali, waambieni ukweli kwamba ni fisi, kwamba yuko mbali, na kwamba baba na mama wako macho. Wangu walilala baada ya kuambiwa hivyo. Kuwadanganya kwamba ni mbwa kuliwahi kuwaogopesha zaidi, kwa sababu walisikia si mbwa.

Siku ya pili: michoro ya Kolo

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliifanyia kazi hapa mwaka 1951. Lipeni ofisini, mpewe mwongozaji, nendeni asubuhi kabla ya jua kali. Kufika Mongomi, mojawapo ya miamba yenye michoro, kuna njia ya vumbi, kisha mpando mkali wa miguu. Mtoto wa miaka sita anapanda mwenyewe akishikwa mkono, wa miaka minne atabebwa nusu ya njia, na mdogo abebwe mgongoni kwa mbeleko, kwa sababu mikono yenu mnaihitaji kwenye mawe.

Wapeni kazi ya kutafuta: twiga yuko wapi, mtu mwenye nywele ndefu yuko wapi. Wa kwetu mkubwa alikaa kimya muda mrefu mbele ya mnyama mwekundu mwenye shingo, kisha akauliza aliyechora alikuwa na ngazi. Msiguse ukuta na msimwage maji juu yake ili rangi ionekane. Watu walifanya hivyo zamani na michoro ikafifia. Wenyeji bado hufanya matambiko Mongomi, kwa hiyo mkikuta kitu kimewekwa kwenye jiwe, watoto waelezwe kwamba ni cha watu na hakiguswi.

Mchana wote uliobaki uacheni mtupu. Mawe, vijiti, vumbi. Tulipowapangia matembezi mengine siku hiyo hiyo, walilia njia nzima.

Kurudi

Hema likunjwe jua likishalikausha, si alfajiri likiwa na umande. Zimeni moto kwa maji, koroga, gusa kwa mkono. Kagueni miguu na nywele za watoto kama kuna kupe, kisha muageni mwenyeji wenu vizuri, mkiondoka kabla ya saa sita ili mfike Dodoma mchana.

Kwa wiki kadhaa baadaye angalieni homa. Malaria huchukua siku saba au zaidi kujitokeza, na mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, aelezwe daktari kwamba alilala nje.

Sisi hulitundika hema kwenye kamba ya nguo siku nzima, kisha tunalisimika uani. Usiku huo watoto hulala humo tena, na sasa hawaniiti.